Oksijeni kwa Kipimo: Uchambuzi wa Uoksidishaji kwa Vimeng'enya

Miongoni mwa kazi azifanyazo mkemia anayeshughulika na viambata vya kaboni, chache ni za lazima kama uoksidishaji, na chache zaidi zimeacha uchafu mwingi nyuma yake kama huo. Dawa ya tumbo, manukato, rangi ya nguo, plastiki ya chupa na vitamini C, vyote hupitia, mahali fulani katika kutengenezwa kwake, hatua ambayo ndani yake molekuli huongezewa oksijeni au hupokonywa haidrojeni. Na hatua hiyo, ijapokuwa kitabuni huandikwa kwa mshale mmoja mfupi, kiwandani aghalabu ndiyo iletayo sumu, hatari ya moto, na mapipa ya taka ambayo hakuna mtaa ulio tayari kuyapokea.

Ilhali oksijeni yenyewe imetuzunguka pande zote, sehemu 21 katika kila mia ya hewa tuvutayo, wala haina bei. Lakini oksijeni ya hewani ina tabia mbili zimsumbuazo mkemia: katika ubaridi wa kawaida ni nzito kuamka, kwa sababu elektroni zake mbili za nje zimekaa kwa mpangilio usiopatana na ule wa molekuli nyingi za kaboni, na ikiisha kuamshwa kwa joto haijui kukoma, huendelea kula mpaka molekuli yote ikawa hewa ya ukaa na maji. Kwa sababu hiyo watu wa karne ya 19 waliikimbilia oksijeni iliyofungwa ndani ya chumvi za madini, kama vile dikromati na permanganeti, ambazo humtii mwenye kuzitumia, lakini zikiisha kutoa kilichomo hubaki kuwa mzigo. Atazamaye dikromati ikifanya kazi ndani ya chupa ya maabara huona rangi ya chungwa ikififia na kugeuka kijani, na kwa mwanafunzi hayo ni mazuri ya kutazama. Illa kijani kile ni chumvi ya kromu iliyokwisha kazi yake, na chungwa lililosalia ni kromu ya daraja la sita, sumu isababishayo saratani na isafiriyo kwa wepesi katika maji ya ardhini. Njia zilizobuniwa baadaye ili kuiepuka kromu nazo hazikukosa taksiri: ile ya Swern, mathalan, hutaka ubaridi wa nyuzi 78 hivi chini ya sifuri, na hutoa mvuke wa salfuri wenye uvundo usiovumilika.

Aliyelitia jambo hili katika hesabu ni Roger Sheldon, mkemia aliyefanya kazi viwandani huko Uholanzi kabla ya kuwa profesa wa Delft, ambaye mwaka 1992 alitangaza kipimo kilicho chepesi kuliko vyote: gawanya uzito wa taka kwa uzito wa bidhaa. Kiwanda kimoja cha huko kilikuwa kikitengeneza floroglusinoli, kitu kitumikacho katika dawa, kwa kuanzia na TNT, kilipuzi kile kile cha mabomu, kikioksidishwa kwa dikromati ndani ya asidi kali ya salfuri. Na kila kilo moja ya bidhaa iliacha kilo 40 hivi za taka ngumu zenye kromu, chuma na chumvi nyinginezo, hata gharama ya kuziondoa ikaikaribia thamani ya bidhaa yenyewe, na kiwanda kikafungwa. Sheldon alipozipanga sekta za viwanda kwa kipimo hicho, usafishaji wa mafuta ya petroli ulionekana kutoa taka chini ya kilo 0.1 kwa kila kilo, kemikali za jumla kutoka chini ya 1 hadi 5, na dawa za kutibu wanadamu kutoka 25 hadi kuzidi 100. Sekta iliyovaa nguo nyeupe ndiyo iliyokuwa na israfu kubwa kuliko zote, na aghalabu hatua za uoksidishaji zilikuwa na fungu lake nene katika israfu hiyo.

Sasa tuangalie jinsi maumbile yenyewe yaifanyavyo kazi hiyo, na hapana haja ya kwenda mbali, kwa kuwa viwanda vya chai vya Kericho na Mufindi huifanya kila siku ya Mungu. Jani lililonyaushwa usiku kucha husagwa na kukatwakatwa na roli za mashine, na kwa kukatwa huko kuta za seli hupasuka, kimeng'enya chenye shaba moyoni mwake, ambacho ndani ya jani zima kilitengwa mbali na viambata viitwavyo katekini, kikakutana navyo pamoja na hewa. Katika muda wa saa moja au mbili, pasipo asidi wala chumvi ya madini, na pasipo joto la kupikia, kile kijani hugeuka shaba nyekundu, harufu ya majani mabichi hutoweka na ile ya chai huzaliwa, kwani katekini zimeungana na kuwa theaflavini zilizo angavu na thearubijini zilizo nzito. Fundi huisimamisha kazi kwa kulipeleka jani katika kikaushio chenye joto lipitalo nyuzi 100, ambalo hukiua kimeng'enya; akichelewa, wekundu huzidi kuwa weusi na ladha hupotea. Kilichooksidisha ni hewa, na taka ya oksijeni ile ni maji.

Siri ya jambo hili ni kwamba kimeng'enya, ambacho ni protini yenye chembe ya madini au kiambata kingine kilichofichwa katika tundu lake, huiamsha oksijeni mahali pamoja tu, kwa kiasi kinachotakiwa tu. Tuchukue jamii iitwayo saitokromu P450, iliyopewa jina na Omura na Sato wa Japani katika miaka ya 1960, na ambayo imo ndani ya maini yetu ikizivunja dawa tunazomeza. Moyo wake ni chembe ya chuma, na wakati hakuna kazi chembe hiyo hukaliwa na maji. Molekuli inayohusika ikiingia tunduni huyasukuma maji yale, na hapo ndipo chuma kinapoweza kupokea elektroni na kuivuta oksijeni, ambayo huvunjwa mapande mawili, moja likawa maji na la pili likapachikwa kwenye kaboni iliyokwisha kusogezwa karibu. Kile chuma chenye oksijeni moja ni katika vioksidishi vikali mno vijulikanavyo, chenye uwezo wa kuvunja kifungo cha kaboni na haidrojeni ambacho mkemia hakigusi ila kwa shida. Lakini P450 ni mfano wa mpishi mwangalifu asiyekoka moto mpaka chungu kikae mafigani. Ukali na uteuzi, mambo mawili ambayo chupani hupingana, humo hukaa pamoja.

Jamii nyingine zina desturi zake. Dehaidrojenasi haziigusi oksijeni kabisa, bali huihamisha haidrojeni na kumkabidhi mchukuzi aitwaye NAD. Oksidasi huihamishia kwenye oksijeni yenyewe na kuzaa peroksidi ya haidrojeni. Peroksijenasi za kuvu, ambazo ya kwanza yake ilielezwa na wataalamu wa Ujerumani mwaka 2004, huchukua peroksidi hiyo hiyo na kuitumia badala ya hewa. Uteuzi ndio unaozifanya zitafutwe, na sioni kuwa asili yake ya uhai peke yake inatosha kuziita safi.

Watu wamekuwa wakiutumia uteuzi huo kwa muda mrefu kuliko wengi wanavyodhani. Mnamo 1933 Tadeus Reichstein, akiwa Zurich, alianza kuitengeneza vitamini C kwa kuanzia na sorbitoli, sukari ya kialkoholi yenye vikundi sita vya haidroksili vinavyofanana karibu sana, na ilimpasa kuoksidisha kimoja tu na kuviacha vitano. Hakuna chumvi ya kromu iwezayo kuchagua hivyo. Lakini bakteria wa jamii ya wale wafanyao siki alichagua pasipo kukosea, naye akaachiwa kazi hiyo. Hatua iliyofuata katika njia ile ile ya Reichstein ilibaki kuwa ya permanganeti, na ilichukua mpaka miaka ya 1970 kwa wataalamu wa Uchina kuiondoa kwa kuwatumia bakteria wawili waishio pamoja, njia ambayo leo ndiyo inayolilisha soko la dunia.

Kisa cha pili kina uhusiano na pwani yetu, nacho ndicho kinachonifundisha zaidi. Mwaka 1948, katika hospitali ya Mayo huko Marekani, wagonjwa wa baridi yabisi waliokuwa hawawezi kusimama waliamka na kutembea baada ya kupewa kotisoni, na dunia nzima ikaitaka; lakini kotisoni hutaka oksijeni kwenye kaboni yake ya 11, mahali pasipo na kitu cha kushikia, na kampuni ya Merck iliifikia kwa kuanzia na nyongo ya ng'ombe na kupita hatua zaidi ya 30. Wakati huo wataalamu wa Uingereza waligundua kuwa maji machafu yaliyokuwa yakimwagwa kutoka mashine za kusindika mkonge, ambao Tanganyika na Kenya zilikuwa zikiupeleka nje kwa wingi, yana hekojenini, kiambata chenye oksijeni kwenye kaboni ya 12, jirani kabisa na mahali panapotakiwa. Kampuni ya Glaxo ikayajengea viwanda matumizi ya kitu hicho, ikiisogeza oksijeni hatua moja kutoka 12 hadi 11 kwa kazi ndefu ya kemia. Na ni jambo la kutiwa maanani kwamba kilichotupwa mashambani kwetu kikawa dawa kwingine. Ama huko Michigan, mwaka 1952, Durey Peterson na Herbert Murray wa kampuni ya Upjohn walitangaza kwamba kuvu wa jamii ya Rhizopus, ambaye hukua hata juu ya mkate ulioachwa mezani, akipewa projesteroni huipachika haidroksili kwenye kaboni ya 11 kwa hatua moja tu, ndani ya maji yenye kupitishiwa hewa. Bei ya kotisoni iliporomoka, na viwanda vya dawa vikaamini kwamba kiumbe kisichoonekana kwa macho chaweza kuvishinda vyombo vya kioo.

Lakini imani hiyo ilikuwa na mpaka. Kimeng'enya kilichokutwa porini kimezoea chakula chake na hali yake ya maisha, na mkemia hukitakia kazi nyingine katika hali nyingine; aghalabu kikihamishwa hufanya kazi polepole mno au hufa. Mlango ulifunguliwa na Frances Arnold wa California, ambaye tangu mwanzo wa miaka ya 1990 aliacha kujaribu kukisanifu kimeng'enya kwa hoja peke yake, akazibadilisha jeni zake kwa kubahatisha, akapima maelfu ya wazao, akawachagua walio bora na kuyarudia hayo kizazi baada ya kizazi; naye akapata tuzo ya Nobel mwaka 2018. P450 ya bakteria aitwaye Bacillus megaterium, iliyozoea asidi za mafuta, imefunzwa kwa njia hiyo kushughulikia molekuli ambazo haikuzijua kamwe.

Mfano ulio mzuri kuliko yote niujuao ni ule wa islatravir, dawa iliyokusudiwa kuwatibu wenye virusi vya Ukimwi, ambayo utengenezaji wake kwa vimeng'enya ulitangazwa na Merck pamoja na wenzao wa kampuni ya Codexis mwaka 2019. Kazi huanza na molekuli ndogo iliyo na mikono miwili ya alkoholi iliyo sawasawa kwa kila hali, mmoja wa kulia na mmoja wa kushoto, na inatakiwa kuoksidisha mmoja tu kuwa aldehaidi, kwa kuwa mwingine ukiguswa dawa itakuwa ya upande usiofaa. Aliyepewa kazi hiyo ni oksidasi ya galaktosi, kimeng'enya cha kuvu chenye shaba, ambacho kwa asili yake hula sukari tu, nacho kilibadilishwa mara nyingi mpaka kikautambua mkono unaotakiwa. Peroksidi ya haidrojeni inayozaliwa ingekiua, kwa hiyo katalasi iliwekwa pembeni kuivunja iwe maji na oksijeni, na peroksidasi itokayo katika mzizi wa hosradishi iliwekwa kuirudisha shaba kazini kila ilipozimika. Kwa jumla vimeng'enya tisa vilitumika, vitano vyake vikiwa vimebadilishwa kwa mkono wa binadamu. Vyote vikifanya kazi ndani ya maji, viambata vya katikati visitolewe wala kusafishwa, na matokeo yake ni asilimia 51 ya kile kinachowezekana, kwa hatua zisizofika nusu ya zile za njia za zamani. Majaribio ya dawa yenyewe yalisimamishwa kwa muda mwishoni mwa 2021 kwa sababu ya kupungua kwa baadhi ya chembe nyeupe za damu, kisha yakaendelea kwa vipimo vidogo. Lakini somo la utengenezaji halikuondoka, na bara ambalo lina wagonjwa wengi wa maradhi haya haliwezi kulitazama somo hilo kwa mbali.

Hata hivyo ni wajibu wa mchambuzi kuigeuza sarafu. Wengi wakisikia kwamba kazi imefanywa ndani ya maji hudhani kuwa ni safi, wala hawaulizi maji kiasi gani. Ikiwa bidhaa imo gramu moja katika kila lita, kama ilivyo katika majaribio mengi ya maabara yanayosifiwa, basi kilo moja ya bidhaa imeogelea katika lita 1,000 za maji, ambayo sharti yasafishwe kabla ya kumwagwa, na bidhaa yenyewe sharti ichujwe humo kwa viyeyushi vile vile vya petroli vilivyokuwa vikilaaniwa. Frank Hollmann wa Delft na wenzake wamelisisitiza jambo hili kwa miaka mingi, nami naona wamesema kweli: njia ya kimeng'enya yenye bidhaa chache ndani ya maji mengi yaweza kuwa na israfu kuliko ile ya kromu iliyokusudiwa kuiondoa. Kwa hesabu ya kiwanda, gramu 100 kwa lita ndiyo kiasi kianzacho kuaminika.

Na hapo inatokea kero ya pili, kwa kuwa maji yaliyo katika joto la nyuzi 25 na kugusana na hewa hubeba miligramu 8 tu za oksijeni kwa kila lita. Kuoksidisha gramu 100 za alkoholi yenye uzito wa molekuli 100 kunahitaji gramu 16 za oksijeni, hata kama katalasi inairudisha nusu ya iliyotumika; yaani maji yale sharti yajazwe upya mara 2,000 kabla kazi haijaisha. Ukipuliza mapovu kwa nguvu protini hukunjuka na kuharibika juu ya ngozi ya kila povu, na ukitumia oksijeni halisi pamoja na viyeyushi vinavyoshika moto umejiletea hatari ya mlipuko. Mara nyingi kimeng'enya hulaumiwa kwa uvivu, hali kosa ni la bomba la hewa.

Kisha kuna yule mchukuzi. P450 na jamaa zake haziwezi kuivunja oksijeni pasipo elektroni ziletwazo na NADPH, ndugu wa NAD, na bei ya NADPH haikubali itumike mara moja na kutupwa, kwa hiyo hurejeshwa kwa kuichoma glukosi kidogo kwa kimeng'enya cha pili. Kwa bidhaa yenye uzito wa molekuli 100, kila kilo yake hutaka kilo 1.8 za glukosi, na huacha zaidi ya kilo mbili za glukoneti ya sodiamu baada ya kuitia magadi. Taka hiyo haina sumu na huliwa na bakteria kwa furaha, tofauti kabisa na kromu; ila ni taka, na glukosi ile ni chakula kilicholimwa shambani kwa mbolea na maji. Peroksijenasi zinazotumia peroksidi huiepuka gharama hiyo, ingawa peroksidi ikizidi kidogo tu huiunguza chembe ya chuma, hata ikawa lazima idondoshwe kwa uangalifu mchana kutwa.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaodai kwamba kila uoksidishaji upewe vimeng'enya. Asidi ya tereftali, itumikayo katika nguo za polyesta na chupa za maji, hutengenezwa kwa mamilioni ya tani kwa hewa ya kawaida, kobalti kidogo na manganisi kidogo, na zaidi ya asilimia 95 ya malighafi hugeuka kuwa bidhaa. Hapo kimeng'enya hakina la kuongeza. Mahali pake ni pale ambapo uteuzi una thamani kubwa kuliko wingi: dawa zenye mkono wa kulia na wa kushoto, kama esomeprazoli ya tumbo, ambayo mwaka 2018 wataalamu wa Codexis walionyesha kwamba monooksijenasi iliyobadilishwa huipachikia salfuri yake oksijeni moja kwa upande ulio sawa na kuizuia ya pili, na steroidi, na manukato, na molekuli zenye milango mingi ambayo mmoja tu ndio unaotakiwa kufunguliwa.

Hesabu ya artemisinini ni ngumu kuliko hizi zote, kwa kuwa ndani yake wamo watu. Pakanga la Kichina, lilimwalo pia katika nyanda za juu za Tanzania, Kenya na Uganda, huitengeneza dawa hii ya malaria ndani ya vinyweleo vya majani yake, na P450 yake ndiyo iioksidishayo amofadieni, kiambata ambacho dawa hiyo hutokana nacho. Jay Keasling wa California na wenzake, kwa msaada wa dola milioni 42.6 za wakfu wa Gates uliotolewa mwaka 2004, waliihamisha jeni ya kimeng'enya hicho katika hamira. Mwaka 2006 hamira ilitoa miligramu 100 hivi za asidi ya artemisini, hatua ya katikati kuelekea dawa yenyewe, kwa lita, na kufikia 2013, baada ya kuongezewa vimeng'enya vingine vya mmea ule ule vya kuikamilisha kazi, ikatoa gramu 25. Watu wa kampuni ya Sanofi walianza kuitengeneza dawa hiyo huko Garessio, Italia, wakiimaliza kwa mwanga na oksijeni, na wakulima wetu waliingiwa na hofu. Lakini bei ya artemisinini ya shambani ikashuka chini ya dola 250 kwa kilo, hali ile ya hamira iliuzwa kwa dola 350 hadi 400 pasipo faida. Na mwaka 2015 mitambo ya Garessio haikutoa hata kilo moja.

Kwa upande wa uoksidishaji, jani na mtungi ni sawa: kimeng'enya ni kile kile, na mwanga uliokamilisha kazi Garessio kwa taa ndio huo uangazao shambani kwa jua. Uchafu wa njia ya shamba hauko katika oksijeni hata kidogo, bali katika heksani inayotumika kuichuja dawa kutoka katika majani makavu, ambayo hushika moto upesi na huidhuru mishipa ya fahamu ya wanaoivuta. Na huko, katika kutafuta kiyeyushi kingine ambacho viwanda vidogo vya Afrika Mashariki vinaweza kukinunua na kukirejesha, ndiko iliko kazi iliyo wazi kwa wakemia wa vyuo vyetu.